Vizimba vya samaki Ziwa Victoria: Neema inayohitaji mipaka

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UFUGAJI wa samaki katika vizimba, ambao miaka 20 iliyopita ulikuwa jambo geni kwa wakazi wengi wa Kanda ya Ziwa, sasa umekuwa sehemu ya uchumi wa mikoa inayopakana na Ziwa Victoria. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa za uvuvi pamoja na vizimba zaidi ya 200, kwa mikopo isiyo na riba inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB).

Sababu za kukumbatia vizimba hazihitaji maelezo marefu. Samaki wa ziwani wamepungua, walaji wameongezeka, na vijana wa mialoni wanatafuta ajira. Kizimba humpa mfugaji samaki wa ukubwa unaojulikana, kwa wakati unaojulikana, bila ya kukesha majini akibahatisha.

Hata hivyo, kizimba si bwawa. Bwawa lina kingo, na maji yake yakiharibika hasara humwangukia mwenye bwawa. Kizimba ni wavu tu ulioning'inizwa ndani ya maji ya watu wote. Kinachotoka kwa samaki hupita katika matundu ya wavu na kuingia ziwani, na kinacholipata ziwa huingia ndani ya kizimba. Maji hayo hayo ndiyo yanayonywewa mjini, ndiyo mazalia ya samaki wa asili, na ndiyo pumzi ya samaki waliomo katika kizimba cha jirani.

Kwa sababu hiyo, swali si kama vizimba ni vizuri au vibaya. Swali ni vizimba vingapi vinaweza kuwekwa katika ghuba moja kabla ya maji ya ghuba hiyo kushindwa kuvibeba.

Kizimba kinavyofanya kazi

Kizimba ni fremu ya chuma, mbao au plastiki ngumu inayoelea juu ya maboya, ikiwa imeshikilia wavu wenye umbo la sanduku au duara na kutiwa nanga chini ya ziwa. Ndani yake hupandikizwa vifaranga vya sato, ambao kwa kawaida ni madume watupu ili wasipoteze nguvu kwa kuzaliana. Hulishwa vidonge vya chakula kila siku, na baada ya miezi sita hadi minane huwa tayari kwa soko.

Tuchukue mfano wa kizimba chenye upana wa mita sita kwa sita na kina cha mita tatu. Ujazo wake ni mita za ujazo 108. Mfugaji akivuna humo samaki 6,000 wenye uzito wa nusu kilo kila mmoja, atakuwa amepata tani tatu za samaki kutoka katika eneo dogo kuliko uwanja wa mpira wa wavu. Hicho ni kitoweo kingi kwa nafasi ndogo namna hiyo.

Lakini samaki hao hawakutokana na maji matupu. Ili kupata kilo moja ya samaki, mfugaji mzuri hutumia kilo moja na nusu hivi ya chakula. Maana yake ni kwamba tani hizo tatu zimetokana na tani nne na nusu za vidonge vilivyomwagwa ndani ya ziwa.

Chakula kinakwenda wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Chakula cha sato huwa na protini ya asilimia 30 hivi, na katika protini hiyo mna naitrojeni. Kina pia fosforasi. Naitrojeni na fosforasi ni mbolea, ile ile ambayo mkulima wa Misungwi au Magu hununua dukani kwa ajili ya mahindi yake.

Kwa kila tani moja ya samaki inayovunwa, chakula kilichotumika huwa na takriban kilo 72 za naitrojeni. Samaki wenyewe huondoka na kilo 26 hivi zilizomo katika miili yao. Kilo zinazobaki, ambazo ni karibu 46, huachwa ndani ya maji. Kwa fosforasi, chakula chenye asilimia 1.2 ya madini hayo huingiza kilo 18, samaki huchukua kilo saba hivi, na kilo 11 hubaki ziwani. Tarakimu hizi hupanda au kushuka kulingana na ubora wa chakula na umakini wa mlishaji, lakini sura ya hesabu haibadiliki: sehemu kubwa ya mbolea inayoingia na chakula haitoki na samaki.

Kizimba kimoja hakiwezi kulitikisa ziwa. Tuviweke vizimba 100 vya aina hiyo katika ghuba moja. Kwa mzunguko mmoja wa ufugaji vitatoa tani 300 za samaki, na kuacha majini karibu tani 14 za naitrojeni na zaidi ya tani tatu za fosforasi. Kwa kuwa mtu mmoja hutoa kilo nne na nusu hivi za naitrojeni kwa mwaka katika choo chake, naitrojeni hiyo ni sawa na ya mji mdogo wa watu wapatao 3,000 ambao vyoo vyao vyote vimeelekezwa ziwani.

Taka hizo hutoka kwa njia mbili. Sehemu moja huyeyuka: samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mkondo wa maji huichukua na kuisambaza. Sehemu nyingine ni kinyesi na vidonge visivyoliwa, ambavyo huzama na kutuama chini ya kizimba. Bakteria huozesha tope hilo, na kwa kufanya hivyo hutumia oksijeni ya maji ya chini. Tope likizidi, wadudu na konokono wa sakafuni waliozoea maji safi hutoweka, na hubaki minyoo michache inayostahimili maji yasiyo na hewa.

Ziwa lililokwisha kulemewa

Mtu anaweza kuuliza: ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, ambalo karibu nusu yake iko Tanzania, litaumizwaje na vizimba? Jibu liko katika maumbile ya ziwa lenyewe na katika mzigo ambalo limekwisha kubebeshwa.

Ziwa Victoria ni pana lakini si refu kwenda chini. Wastani wa kina chake ni mita 40, na mahali penye kina kikubwa zaidi ni mita 80 hivi. Linganisha na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinazidi mita 1,400. Aidha, sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria huingia kwa mvua inyeshayo juu yake na kuondoka kwa mvuke, huku mlango wa kutokea ukiwa mmoja tu, Mto Nile kule Jinja nchini Uganda. Maji yanapopaa kwa mvuke hayaondoki na mbolea, mbolea hubaki.

Tangu miaka ya 1960, watafiti wameona mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho ukiongezeka ziwani mara kadhaa, na aina zake zikibadilika. Walioshika nafasi ni viumbe wa kijani-buluu ambao wataalamu huwaita sainobakteria, na ambao baadhi yao hutoa sumu. Chanzo chake hakikuwa vizimba, kwa kuwa havikuwapo. Kilikuwa udongo unaomomonyoka mashambani, ukataji wa misitu, majitaka ya miji, na vumbi na moshi wa mioto ya nyika ambao hudondosha fosforasi juu ya maji.

Jijini Mwanza, Mto Mirongo ni mfano ambao kila mkazi anaujua. Hukatiza katikati ya mji, hubeba takataka na maji machafu ya makazi ya milimani, na kuumwaga mzigo huo ziwani. Gugumaji, ambalo liliufunika mwambao katika miaka ya 1990 hadi likadhibitiwa kwa kiasi kikubwa kwa kupandikizwa mbawakavu wanaolila, lilistawi kwa mbolea hiyo hiyo. Mwanzoni mwa 2025 magugumaji yalisongamana tena katika njia ya vivuko kati ya Kigongo na Busisi na kutatiza usafiri, miezi michache kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni mwaka huo.

Kwa hiyo, vizimba haviingii katika ziwa tupu. Vinaingia katika ziwa ambalo mzigo wake umekaribia ukingo, na kila tani ya chakula inayomwagwa huongezwa juu ya mzigo uliokwishakuwapo.

Ghuba ya Mwanza na somo la furu

Athari za maji kuchafuka si jambo la kubuni kwa Ghuba ya Mwanza. Huenda hakuna ghuba nyingine katika Ziwa Victoria ambayo historia ya samaki wake imeandikwa kwa kina zaidi. Kuanzia 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walifuatilia maisha ya furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya samaki wa chini ya ziwa.

Ziwa lilikuwa na takriban aina 500 za furu. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980, inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Lakini sangara hakuwa mkosaji pekee. Mwaka 1997, watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi waliyoifanya katika visiwa vya mawe vya kusini mwa ziwa. Walionyesha kwamba jike la furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu wa mwani, mwanga hupungua, rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika hadi tofauti zao zikafutika.

Somo hilo ni zito. Samaki wanaweza kutoweka bila ya kuliwa na yeyote na bila ya kuvuliwa na yeyote, kwa sababu tu maji yamepoteza uangavu wake. Mwani unaostawishwa na chakula cha vizimba hauna tofauti na mwani uliostawishwa na majitaka; furu hawezi kujua ukungu huo umetoka wapi.

Ni vyema ikumbukwe pia kwamba ghuba hiyo ni nyembamba na haina kina kikubwa. Katika mlango wake kina ni mita 25 hivi, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea kusini. Maji ya mahali kama hapo hayabadiliki upesi kama ya ziwa kuu. Kizimba kilichowekwa nje, penye upepo na mkondo, husafishwa na ziwa. Kizimba kile kile kikiwekwa ndani ya hori lililojikunja hukaa juu ya taka zake.

Oksijeni inapokwisha

Mtu wa kwanza kuathirika na maji mabovu mara nyingi ni mfugaji mwenyewe. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku huitumia kama viumbe wengine. Ndiyo maana saa ya hatari kwa kizimba ni alfajiri. Sato wanaweza kustahimili upungufu kwa muda, lakini oksijeni ikishuka chini ya miligramu tatu kwa lita huanza kudhoofika, na ikiendelea kushuka hufa.

Hatari nyingine hutoka chini. Katika miezi ya joto na utulivu, maji ya ziwa hujitenga katika matabaka. Ya juu hubaki na hewa, ya chini hukosa oksijeni. Upepo mkali au dhoruba inapoyatibua, maji ya chini hupanda juu. Samaki huru anaweza kukimbia. Samaki wa kizimba hana pa kwenda.

Mambo hayo yamekwisha kutokea katika ziwa letu. Kati ya mwisho wa 2020 na Januari 2021, sangara wengi walikutwa wamekufa katika fukwe za Uganda, na mamlaka za uvuvi za nchi hiyo zilieleza kwamba dhoruba zilikuwa zimevuruga maji na kusababisha upungufu wa oksijeni. Novemba 2022, wafugaji wa vizimba katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya walipoteza samaki kwa wingi mno ndani ya siku chache, na upungufu wa oksijeni ukatajwa tena kuwa sababu. Kenya, ambayo ina asilimia sita tu ya eneo la ziwa, ina maelfu ya vizimba katika sehemu yake, vingi vikiwa karibu na pwani.

Kwa mfugaji wa Mwanza aliyechukua mkopo, tukio la namna hiyo si habari ya mazingira. Ni samaki wa miezi sita waliokufa kwa usiku mmoja, huku deni likiendelea kuhesabiwa.

Maji ya kunywa

Ziwa Victoria ndilo kisima cha Kanda ya Ziwa na hata nje yake. Jiji la Mwanza huchota maji Capri Point na katika chanzo cha Butimba, ambacho kilijengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Kutoka Ihelele wilayani Misungwi, mradi uliozinduliwa mwaka 2009 husafirisha maji hadi Shinyanga na Kahama, na baadaye bomba hilo likaendelezwa kuelekea Nzega, Igunga na Tabora. Mkazi wa Tabora ambaye hajawahi kuliona ziwa analinywa.

Mwani ukiongezeka, mitambo ya kusafisha maji huhitaji dawa zaidi na vichujio huziba upesi. Gharama hiyo hatimaye humfikia mlipa ankara. Lakini lililo zito zaidi ni sumu ya sainobakteria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulithibitisha kuwapo, katika Ghuba ya Mwanza, kwa sainobakteria wanaotengeneza mikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu moja kwa lita kuwa mpaka wa mikrosistini katika maji ya kunywa kwa muda mrefu.

Mwananchi anayechota kwa ndoo ufukweni anapaswa kujua jambo moja: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hii. Maji yaliyofunikwa na utando wa kijani mithili ya rangi iliyomwagika hayafai kunywewa hata yakichemshwa, wala kunyweshewa mifugo.

Magonjwa na samaki watorokao

Mbali na mbolea, vizimba vina athari nyingine ambazo hazionekani upesi. Samaki wengi wakisongamana mahali pamoja, ugonjwa mmoja huenea haraka. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kugundua virusi vya sato vijulikanavyo kama TiLV katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, wa kufugwa na wa porini. Samaki hao hawakuonyesha dalili za ugonjwa, lakini ugunduzi huo ni onyo kwamba wavu hauzuii virusi. Uhamishaji wa vifaranga kutoka ghuba moja hadi nyingine, au kuvuka mpaka bila ya ukaguzi, ndiyo barabara yao.

Wavu ukichanika, samaki hutoroka. Sato mwenyewe si mwenyeji wa asili wa Ziwa Victoria; aliletwa katika miaka ya 1950, na kwa kushirikiana na sangara na uvuvi uliokithiri, alimsukuma ngege pembeni hadi akawa haonekani ila katika maziwa madogo ya jirani. Sato wa sasa waliochaguliwa kwa vizazi ili wakue haraka wakitoroka na kuzaliana na wale wa ziwani, watabadilisha ukoo wa samaki ambao wavuvi wanautegemea.

Kizimba huwavuta pia wageni. Mnandi, kenge na fisi maji huja kwa sababu wameona chakula, na baadhi yao hunaswa na kufa ndani ya nyavu. Wavuvi nao hulalamika pale vizimba vinapowekwa juu ya njia za mitumbwi au katika maeneo ya mazalia. Na chakula chenyewe kina swali lake: kikitengenezwa kwa dagaa wa ziwani, hutumia kitoweo ambacho familia za kipato cha chini hukinunua kwa fungu sokoni.

Si kila ufugaji huchafua

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba ufugaji wowote wa majini ni adui wa maji. Tofauti kubwa iko kati ya kiumbe anayelishwa na kiumbe anayejilisha mwenyewe. Kule Zanzibar, kilimo cha mwani wa baharini kilianza kibiashara mwaka 1989, na katika miaka ya 2000 wanawake wa Fumba walijifunza kufuga chaza kwa ajili ya lulu. Mwani hunyonya mbolea iliyomo majini, na chaza huchuja chembechembe zinazoelea. Hakuna anayewamwagia chakula, hivyo mavuno yao huondoa mbolea baharini badala ya kuiongeza.

Hata hao wana mipaka yao. Chaza au kombe wakijazwa mno katika hori moja, huchuja chakula chote hadi viumbe wengine wakose, na kinyesi chao hutuama chini kama cha samaki. Kwa hiyo kanuni ya pwani na ya ziwa ni moja: kila maji yana kipimo chake, na kipimo hicho huanza na idadi.

Uzoefu wa wenzetu

Nchi zilizotangulia katika vizimba zimejifunza kwa gharama kubwa. Katika Ziwa Taal nchini Ufilipino, ambako vizimba viliongezeka bila ya mpango, samaki walikufa kwa wingi Mei 2011. Katika Ziwa Toba nchini Indonesia, wafugaji wa Haranggaol walipatwa na msiba kama huo mwaka 2016. Katika Ziwa Volta nchini Ghana, pigo lilikuwa la ugonjwa: virusi vya ISKNV vilivyolipuka mwaka 2018 viliua samaki wengi wa vizimba.

Katika nchi hizo hapakuwa na mfugaji mmoja aliyeliharibu ziwa. Kila mmoja aliongeza vizimba vichache akiona faida kwa jirani, na kila ombi la kibali likitazamwa peke yake lilionekana dogo. Jumla yake ndiyo iliyolemea maji. Palipofanyika upunguzaji, ulifanyika baada ya hasara, nao ulikuwa mgumu kwa kuwa watu walikwisha kuwekeza.

Nini kifanyike?

Tanzania ina sheria za kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nazo zinagusa eneo hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupitia Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO) yenye makao yake Jinja, imetoa miongozo ya vizimba kwa nchi wanachama. Mwanza yenyewe ina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) na chuo cha uvuvi cha Nyegezi, hivyo utaalamu haupo mbali.

Lililo muhimu ni namna ya kuzitumia. Tathmini ya mradi mmoja mmoja haitoshi. Kila ghuba inahitaji kupimwa: kina chake, mkondo wake, oksijeni yake ya alfajiri, na mzigo wa mbolea unaoingia kutoka mitoni na mijini. Kipimo hicho ndicho kiamue jumla ya tani za samaki zinazoruhusiwa humo. Jumla ikifikiwa, kibali kipya kielekezwe ghuba nyingine, hata kama mwombaji ana fedha zake mkononi. Vyanzo vya maji ya kunywa na mazalia ya samaki vitengwe kabla ya ramani ya vizimba kuchorwa.

Kwa mfugaji, mambo ya msingi ni machache na yako ndani ya uwezo wake. Aweke kizimba penye mkondo na palipo na nafasi ya kutosha kati ya wavu na sakafu ya ziwa. Anunue chakula kinachoelea na kumeng'enywa vizuri, na aache kulisha pindi samaki wanapopunguza hamu, kwa kuwa kidonge kinachozama ni fedha na uchafu kwa pamoja. Apime oksijeni mapema asubuhi. Samaki waliokufa awatoe majini na kuwafukia nchi kavu, mbali na ufukwe. Baada ya mizunguko kadhaa ahamishe kizimba ili sakafu ipumzike, kama mkulima anavyoacha shamba likae.

Wala mzigo wote usitupwe kwa wafugaji. Haitakuwa haki kumdai mfugaji apime kila gramu ya chakula huku Mto Mirongo ukiendelea kumwaga uchafu wa mji. Kila majitaka yanayozuiwa mjini huongeza nafasi ya samaki ghubani. Na kila kizimba kinachozidi kipimo huila nafasi hiyo.

Ziwa Victoria limekwisha kuwaonyesha wakazi wake jinsi badiliko moja linavyoweza kufuta kwa muongo mmoja kile kilichochukua maelfu ya miaka kujengeka. Furu waliotoweka hawakurudi kwa majuto. Vizimba bado havijafikia hatua hiyo katika maji ya Tanzania, na hapo ndipo ilipo nafasi ya kuamua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika maji hakuna ukuta wa kujenga.